Husuni Kubwa ya Kilwa: Jumba na Ghala Ambalo Sultani Hakulimaliza



Kila msimu wa harusi ukifika, mazungumzo yetu huwa yale yale: hina, udi, kanga za kugawa, ukumbi, na mwisho wa yote, nyumba. Bwana harusi amejenga? Amefika kwenye linta? Bati limeshapanda? Tumewaona wasichana walioposwa wakasubiri miaka kwa sababu nyumba haijakwisha. Tumewaona pia walioingia kwenye kuta zisizopigwa plasta, wakaweka pazia mlangoni na maisha yakaendelea kwa raha.

Leo tumeona tuwape kisa cha nyumba kubwa kuliko zote zilizojaribiwa kwenye pwani yetu katika zama zake. Ilikuwa na vyumba vipatavyo mia, ua wa kupokelea wageni, bwawa la kuogelea linalotazama bahari, na ghala la bidhaa ubavuni. Aliyeijenga alikuwa Sultani Mwislamu, msomi na mtoaji. Na hakuimaliza.

Nyumba hiyo ni Husuni Kubwa, kwenye kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi. Neno husuni tumelipata kwenye Kiarabu, na maana yake ni ngome. Kutoka Kilwa Masoko unavuka mkono mdogo wa bahari kwa mashua, kisha unatembea kuelekea mashariki, mbali kidogo na ulipokuwa mji wenyewe, mpaka kwenye genge la mawe lililoinuka juu ya maji. Ukifika hapo unaona kuta zilizovunjika, mizizi iliyopenya kwenye chokaa, na upepo. Lakini ukijua unachokitazama, nyumba inarudi mbele ya macho yako chumba kwa chumba.

Kisiwa kilichotandikiwa nguo

Kabla ya jumba, tuanze na harusi.

Wazee wa Kilwa wana masimulizi yao ya kale. Wanasema kisiwa kilikuwa na mzee wa nchi aitwaye Mrimba. Akaja mgeni kwa jahazi, Ali bin Selimani, Mshirazi, akampa mzee zawadi za nguo na shanga, akapewa ruhusa ya kukaa, kisha akamposa binti yake. Baada ya ndoa, mgeni akamwambia mkewe amwombe baba yake ahamie bara, kwani si vizuri mkwe na mkwewe kukaa mji mmoja wote wakitawala. Mrimba akakubali kwa sharti: atandikiwe nguo kutoka kisiwani mpaka bara, apite juu yake. Nguo zikatandikwa, naye akavuka. Mtoto aliyezaliwa na binti yule ndiye aliyekuja kurithi ufalme wa pande zote mbili.

Wanahistoria wanatuambia tusichukue kila neno la kisa hiki kama lilivyo, na tunakubaliana nao. Mji ulikuwa umekwisha kukaliwa na watu wa hapa hapa pwani karne nyingi kabla ya zama za fahari. Hata hivyo kisa kina ukweli wake. Kinatuambia kwamba utajiri wa Kilwa ulianza na nguo, na kwamba mgeni alipata mizizi kisiwani kwa sababu ya mke. Kisiwa kizima kimeingia kwenye mkono wa bibi harusi mmoja, na masimulizi hayataji hata jina lake. Tumeliwaza hilo sana. Jina la mume lipo, la baba lipo, la mtoto lipo. Yeye ni "binti wa Mrimba" tu.

Kijana aliyesoma Aden

Tusogee mbele mpaka mwanzo wa karne ya 14. Kilwa ilikuwa chini ya ukoo wa Mahdali, masharifu wenye asili ya Yemen, waliotwaa utawala miaka ya 1270. Mjukuu wa sultani wao wa kwanza aliitwa al-Hasan bin Sulaiman. Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasema alipokuwa kijana alikwenda kusoma Aden, akakaa huko miaka miwili, kisha akahiji. Nyuma yake ndugu yake Daud alimshikia kiti. Aliporudi, ndugu alimwachia nafasi yake. Fikirini ni majumba mangapi ya wafalme ambako jambo kama hilo lingekwisha kwa damu.

Al-Hasan alitawala tangu mnamo 1310 hadi mnamo 1333. Kijana huyo alikuwa ameona bandari kubwa na misikiti ya Uarabuni. Aliporudi Kilwa akataka kujenga. Aliupanua Msikiti Mkuu, akauongezea kuba. Na juu ya genge la mashariki akaanzisha Husuni Kubwa.

Tunajua ni yake kwa sababu jina lake limepatikana humo. Mwanaakiolojia Mwingereza Neville Chittick alichimba Kilwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, na katika vifusi vya jumba hili akapata jiwe la matumbawe lililochongwa maandishi ya Kiarabu, lenye jina la al-Hasan bin Sulaiman pamoja na lakabu ya al-Malik al-Mansur, yaani mfalme aliyepewa nusura.

Karibuni ndani

Sisi watu wa pwani tunajua nyumba ya mawe inavyojengwa, lakini tukumbushane. Mawe ya ukuta ni matumbawe ya kale, yanayochimbwa nchi kavu. Kwa miimo ya milango, mihirabu na nakshi, mafundi walikata matumbawe mabichi baharini, kwa kuwa yakitoka majini huwa laini na yanachongeka, kisha yakikauka yanakuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu ikaweza kubeba uzito wa mawe na chokaa, ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani vyote ni vyembamba na virefu, Kilwa kama Lamu, Lamu kama Unguja.

Sultani wetu hakutosheka na boriti peke yake. Baadhi ya sehemu za jumba zilifunikwa kwa kuba na matao, kazi ngumu inayotaka fundi hodari.

Upande wa kaskazini, ncha ya genge, ndiko alikokaa mwenyewe na jamaa zake. Kuna ngazi za kushuka baharini, kwa hiyo mgeni wa heshima aliweza kupanda moja kwa moja kutoka kwenye chombo chake. Kuna ua wenye ngazi pana za mawe za kukalia, na hapo ndipo inaposadikiwa watu walipokelewa, wakasikilizwa haja zao. Kwenye kuta kuna vishimo vya kuwekea taa. Jaribuni kuupiga picha ua ule usiku, taa za mafuta zinawaka ukutani na bahari inanguruma chini.

Kisha kuna bwawa. Lina pembe nane, na baadhi ya pande zake zimeingizwa ndani kwa umbo la nusu duara, mahali pa kuketi na kujiegemeza. Dada mmoja miongoni mwetu alipoliona kwa mara ya kwanza alisema, "Kumbe mabwawa ya hoteli hayakuanza jana!" Tulicheka, lakini swali likafuata lenyewe: maji yalifikaje juu ya genge? Hakukuwa na bomba wala pampu. Maji yalitolewa kisimani, yakabebwa. Na anayebeba maji tunamjua. Katika nyumba za zama zile alikuwa mjakazi, na mtungi wake kichwani.

Ghala la upande wa kusini

Ukitoka sehemu ya makazi kuelekea kusini unaingia kwenye uwanja mkubwa wa mraba, uliozungukwa na safu za vyumba vyembamba. Hapa hapana nakshi nyingi, na wachimbaji wameona kwamba palikuwa pa biashara: mahali pa kupakulia, kuhesabu na kuhifadhi mali. Kwa lugha yetu ya leo, Sultani alijenga nyumba na duka la jumla katika kiwanja kimoja.

Mali ilikuwa nini? Kwanza dhahabu, iliyotoka bara ya kusini, ikashuka pwani kwenye bandari ya Sofala, katika nchi tunayoiita leo Msumbiji. Kilwa iliishika Sofala, na aliyeishika Sofala aliishika dhahabu. Pili pembe za ndovu. Kutoka ng'ambo zikaja nguo, shanga za kioo, na vyombo vya kung'aa vya Uajemi na China. Ndani ya Husuni Kubwa yenyewe ilipatikana chupa ya kauri ya Kichina, iliyovuka bahari nzima mpaka kwenye rafu ya nyumba yetu.

Si kila nguo ilitoka nje. Katika uchimbaji wa Kilwa vimepatikana vigurudumu vidogo vya udongo, vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea nyuzi za pamba. Vingine vilichongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Sultani ana jiwe lenye jina lake. Waliosokota hawana jiwe, wana vigae hivi, na si ushahidi mdogo.

Kilwa ilikuwa na sarafu zake pia. Za shaba ndizo zilizokuwa nyingi. Upande mmoja ulibeba jina la Sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili hizo zikapatana vina kama ubeti. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana hadi Great Zimbabwe, mji wa mawe wa bara. Ajabu zaidi, mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake, na tano kati ya hizo zikatambuliwa baadaye kuwa za Kilwa. Zilifikaje huko, watu wanabishana hadi leo.

Mgeni wa mwaka 1331

Mwaka 1331 alifika Kilwa Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Moroko. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, na watu wake kwa dini na wema, akataja kuwa ni wa madhehebu ya Shafi. Na alimkuta Sultani wetu akiitwa kwa lakabu nyingine: Abu al-Mawahib, baba wa vipaji, kwa wingi wa utoaji wake. Anasema Sultani alikuwa akitenga khumsi, yaani sehemu ya tano ya ngawira, na kuitoa kwa njia zilizotajwa katika Qur'ani. Fungu la masharifu aliliweka kwenye hazina ya peke yake, nao walimjia kutoka Iraki na Hijazi.

Kuna kisa anachokisimulia ambacho tukikisoma hatukisahau. Siku ya Ijumaa Sultani ametoka kuswali, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani, akamwomba nguo alizovaa. Si nguo nyingine, zile zile zilizo mwilini. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha, akampa. Watu wakastaajabu na kumsifu kwa unyenyekevu wake.

Wengi huishia hapo wanapokisimulia, kwa kuwa hapo ndipo kinapopendeza. Lakini kisa kinaendelea. Mwana wa Sultani alizichukua zile nguo kwa fakiri, akampa badala yake watumwa kumi. Na Sultani aliposikia jinsi watu walivyousifu utoaji ule, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Watu ishirini, kwa nguo za mtu mmoja.

Tulipoandaa makala hii tulijadiliana kama sehemu hii tuitaje au tuiache. Tungeweza kuwapa hadithi ya Sultani mkarimu, mkafurahi, tukaagana. Lakini ngawira ile aliyoitenga khumsi ilitoka kwenye mashambulizi ya bara, na Ibn Battuta anasema hivyo waziwazi. Waliotekwa huko walikuwa na mama, dada na wachumba. Huenda baadhi yao ndio waliopandisha mitungi kwenye lile bwawa. Dini yetu inatufundisha kutoa, na inatufundisha pia kuuliza mali imetoka wapi. Mtu anaweza kuwa mkunjufu wa mkono na bado mkono huo uwe umechukua kwa wengine. Mambo yote mawili yamo katika nyumba moja, na hatuwezi kuitembelea kwa kufumba jicho moja.

Kwa nini haikukwisha?

Chittick alipochunguza kuta aliona kwamba sehemu za jumba hazikufikia mwisho wa ujenzi, na kwamba watu hawakukaa humo muda mrefu. Al-Hasan alifariki mnamo 1333, na kiti kikaenda kwa ndugu yake Daud, yule yule aliyemshikia nafasi alipokuwa masomoni.

Ibn Battuta anasema Daud alikuwa kinyume kabisa cha ndugu yake. Mwombaji akija, jibu lake lilikuwa kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi, kisha wakapewa kidogo, mpaka wakaacha kuja. Tumezoea kumcheka Daud kwa ubahili. Lakini ukisimama katikati ya Husuni Kubwa, ukaangalia vyumba mia, kuba, bwawa na ngazi za baharini, unajiuliza: labda alikuwa anasema kweli? Labda hazina ilikuwa imekwisha kweli, imegeuka mawe na sifa? Hatuna daftari la hesabu la Kilwa la kutuhakikishia. Lakini kila dada aliyewahi kulipa madeni ya harusi baada ya wageni kuondoka ataelewa kwa nini tumemwonea Daud huruma kidogo.

Msikiti na jumba

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Msikiti Mkuu, ule alioupanua al-Hasan, nao ulibomoka, na Tarikh ya Kilwa inasema ulikaa hivyo miaka mingi. Katika karne ya 15 akatokea mtu aitwaye Haji Rush bin Husein, akamwomba Sultani wa wakati huo, Sulaiman, ruhusa ya kuujenga upya kwa mali yake mwenyewe. Sultani akamruhusu, akampa na mithkali elfu moja za dhahabu kusaidia. Haji Rush alizipokea kwa kuchelea asije akanyimwa kazi ile. Akajenga kwa fedha zake. Sultani alipofariki, akazirudisha mithkali zote kwa warithi.

Kwa hiyo majengo mawili ya Sultani mmoja yaliharibika. Moja watu waliliinua tena, kwa sababu lilikuwa la wote, na kila mtu alikuwa na safu yake ndani. Jingine hakuna aliyerudi kulimalizia, kwa sababu lilikuwa la mtu mmoja, naye amekwenda zake.

Yaliyofuata tutayapita haraka. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka na kuupora mji, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Karne ya 18 Kilwa iliinuka tena, safari hii kwa biashara ya watumwa, ambayo mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba juu yake na Sultani wa Kilwa. Karne ya 19 biashara ikahamia Kilwa Kivinje, bara. Kisiwa kikabaki na wavuvi, wakulima, na magofu. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya mawimbi, mimea na uchakavu. Baada ya kazi ya miaka kumi ya ukarabati, yaliondolewa humo mwaka 2014. Bahari haijaacha kula ufukwe, lakini.

Kwa dada zetu wanaopanga fungate, au kina mama wanaotaka safari ya maana na watoto: Kilwa inafikika kwa barabara, kilomita zipatazo 300 kutoka Dar es Salaam. Kibali cha kuingia magofuni hupatikana Kilwa Masoko. Vaeni viatu vya kutembelea, njia ina mawe. Bebeni maji. Mchukueni mwongozaji wa kisiwani, kwani ni kwao, na msiyakanyage wala kuyapanda makuta. Mkifika kwenye makaburi, toeni salamu kama tulivyofundishwa.

Na mkisimama kando ya lile bwawa kavu lenye pembe nane, mkumbukeni binti wa Mrimba asiyetajwa jina, waliosokota pamba, na waliobeba maji. Mwombeeni rehema na Sultani al-Hasan, aliyevua nguo zake siku ya Ijumaa akampa maskini, na ambaye hesabu yake iko kwa Mola wake.

Kisha rudini nyumbani, hata kama plasta bado. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape maharusi wetu wa mwaka huu nyumba zenye mali ya halali, milango inayofunguka kwa mgeni, na ndani yake utulivu. Hayo yakipatikana, bati litapanda taratibu.

Aamin.